Nilimkana Baba Huko Jeddah Ili Niruhusiwe Kwenda Kumwona

Nina miaka arobaini na moja, nimeachika, na hapa Majengo, Mombasa, najulikana kwa kuuza viazi karai. Nawaandikia wasomaji wenzangu nikiwa na hasira. Msinihurumie haraka, maana nusu ya hasira yenyewe najionea mwenyewe!

Sisi huitwa Washihiri. Babu yake baba alitoka Hadhramaut, Yemen, akaja Mombasa kuuza kahawa, na ndugu yake wa tumbo moja akaenda Jeddah. Barua zikakatika zamani sana. Lakini baba alitufundisha nasaba tangu tukiwa watoto… majina saba, na ukikosea hata moja unarudia mwanzo! Majirani walimcheka. Mshihiri gani huyu, nyumba yenyewe inavuja? Hakujali. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa, kusikia sauti ya watu wake.

Miaka ile mawakala walipokuwa wakizoa wanawake wa Pwani kuwapeleka Saudia, na mimi nikaenda. Nilifanya kazi Riyadh, mtaa wa Suwaidi, kwa madam mmoja mwalimu. Mgongo nusura ukatike, sitasema uongo. Ila miaka miwili ya mkataba ilipokwisha, yule mwanamke alinikatia tikiti. Halas, yametosha, akaniambia, nenda kwenu ukapumzike.

Kwa nini sikwenda? Kwa nini, jamani?

Dereva mmoja Mkenya wa nyumba ya jirani alinitajia familia ya Jeddah iliyokuwa ikitafuta mtumishi. Jina la ukoo lilikuwa letu! Nikampigia baba. Alilia kwanza, kisha akaniuliza nitafika kwao lini. Madam akanisihi nikamwone baba kwanza, ndipo nirudi kutafuta hao ndugu. Nikamwona mwenye choyo! Nikaomba nihamishiwe kwa kafili, yaani mwajiri mdhamini, wa Jeddah. Sikuburutwa na mtu, nilijipeleka kwa miguu yangu.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Aziziya. Bosi aliishi na mkewe, watoto, na mama yake mzazi, bibi mzee ambaye naye alizaliwa katika ukoo huohuo. Wiki ya tatu, nikiwa namkanda miguu yule bibi, nikaanza kumtajia yale majina. Nilipofika la tano akanidakia. La sita na la saba akayamalizia yeye! Akanishika kichwa akanibusu. "Wewe ni wa yule aliyekwenda Sawahil," akasema, machozi yakimtoka.

Siku hiyo alizungumza na baba kwa simu yake. Baba na Kiarabu chake cha msikitini, salamu zilezile akizirudia mara kumi… Wallahi, sijapata kumsikia akicheka vile!

Basi bibi akaanza kunifundisha ya kwetu. Asida ya asali ambayo baba alitusumbua nayo utotoni, kumbe ndiyo wanayokula wao. Akanipeleka Balad, mji wa kale wa Jeddah, kwa teksi, akanionyesha nyumba kuukuu ya mawe ya matumbawe. Akasema waliijenga wale ndugu wawili, na boriti zake zilitumwa na babu yetu kutoka Mombasa. Ujinga wangu, nikaisimulia habari hiyo mezani mbele ya bosi, tena kwa kujisifu!

Kesho yake bosi alichukua simu yangu. Binti wa ukoo haongei ovyo na watu, akasema. Nikadhani atanitoa jikoni basi. Thubutu! Deki ileile, vyoo vilevile, ila sasa hata kutupa taka nje nikakatazwa, eti mimi ni heshima ya nyumba. Wageni wakija nafungiwa chumba cha kufulia. Mkewe naye akapata la kunikejeli. "Wee binti ami! Njoo, mtoto ametapika!"

Undugu gani huo?

Miezi minane baadaye kaka yangu Swaleh alipiga simu ya bibi. Baba amepooza upande mmoja, anauliza nakuja lini. Nilimpigia bosi magoti anipe pasipoti yangu niende, nikamkumbusha mkataba. Mafi mkataba, hakuna mkataba hapa, akanijibu, ndugu hawaandikiani, na walii wako, msimamizi wako, hapa ni mimi.

Siku ya nne akaja na karatasi na wanaume wawili wa kushuhudia. Alitaka nikiri kwamba nilidanganya, kwamba baba yangu si wa ukoo ule na hana haki katika nyumba ya Balad. Nikikiri, naondoka kesho. Nikikataa, nibaki. Nani aliitaka nyumba yake ya nyufa na paka? Sisi tulitaka salamu tu!

Nilimtazama bibi. Aliinamisha uso. "Sema, mwanangu, umwahi baba yako," akanong'ona.

Nikasema. Kwa mdomo wangu huu, kwa Kiarabu chepesi kilichonyooka, nikasema yule mzee wa Mombasa si wenu, nilizua. Nikatia dole gumba. Nilijipa moyo kwamba baba hatajua.

Nilifika nyumbani nikamkuta hai! Nilipiga kelele za furaha mlangoni. Kaka yangu akanishika mkono, akanipeleka uani, akaniambia kwamba bosi alinirekodi, na siku ileile alimpigia baba akamsikilizisha. Baba aliomba irudiwe mara ya pili. Aliijua sauti yangu.

Nikaingia, nikamshika ule mkono wake mzima. Akanitazama, kisha akamgeukia Swaleh. "Huyu ni binti wa nani?" akauliza.

Aliishi siku tisa. Nilimlisha, nilimwosha, nilimwambia kila kitu, nilimlilia. Hakuniita mwanangu hata mara moja. Ni ugonjwa? Au alikuwa akinijibu? Swaleh anasema ni ugonjwa, ila akisema hivyo hanitazami.

Dada zangu mnaokwenda huko, nawaomba! Mkataba ukiisha, pandeni ndege. Mkitaka kutafuta ndugu, nendeni kama wageni, pasipoti iwe mfukoni mwenu. Usimwite ami mtu mwenye uwezo wa kukufungia mlango. Na kama mzazi wako anakungoja, mwendee leo. Wale wa Jeddah siwasamehe. Mimi nikisamehewa, aliyepaswa kunisamehe yuko kaburini.