Jambon ya Kipaimara

Kila Jumamosi Syntiche aliosha vyombo, akafagia ua, kisha akaenda bombani. Jumamosi hii alifanya kazi haraka kuliko kawaida. Kesho yake angepata kipaimara, na Mama Adolphine, mama yake wa ubatizo, angekuja kula nao nyumbani kwao, mtaa wa Kasapa.

Mama yake mzazi alitaka kupika nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, ile iliyoning'inia juu ya jiko la makaa. Syntiche aliionea aibu. Wiki nzima alikuwa amemganda mama yake wanunue jambon, nyama ya nguruwe ya chumvi, laini, iliyokatwa vipande vyembamba. Mama alilalamika kwamba bei yake ni ya kutisha, lakini akachoka kubishana. Ijumaa wakainunua katika duka kubwa la mjini.

Jioni hiyo hiyo umeme ukakatika.

Jumamosi haukurudi. Syntiche alifungua friji, akaifunga, akaifungua tena, mpaka Mama akamkataza. Kwa jirani nako hakukuwa na umeme. Aliweka pakiti ya jambon katika beseni la maji baridi, na maji yakapata uvuguvugu. Hakuwa na la kufanya ila kungoja, na alijiona mnyonge kabisa.

Jumapili, baada ya misa, nyama ilikuwa inateleza na kunuka. Mama Adolphine alikuwa ameshaketi sebuleni.

"Mama, tuioshe na ndimu," Syntiche alinong'ona. "Harufu itaisha."

"Harufu itaisha, bugonjwa itabakia."

Mama akaitupa katika shimo la taka, akashusha nyama ya moshi na kuichemsha kwa nyanya. Syntiche alipompelekea mgeni sahani ya nyama na bukari, ugali wao, machozi yalimshinda, akaeleza yote. Mama Adolphine alimsikiliza huku akila bila haraka.

"Jambon iko muzuri, mwana yangu," alisema mwishowe. "Siku courant ya umeme iko, munanunua asubuhi, munakula muchana, bei yake haipotee bure. Lakini mulilipa pia baridi ya friji ya duka, na ile friji haikuwafuata ku nyumba. Mbele ya kununua kitu, ujiulize utaitunza namna gani. Sasa uniongezee nyama."

Syntiche akapangusa macho, akaenda jikoni. Friji ilikuwa wazi, bado bila umeme, na Mama alikuwa anapanga masufuria ndani yake kama kabatini.