Makoti ya Kwaya

Kila siku baada ya masomo, msichana aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake alimsaidia mama yake, fundi cherehani, kushona vifungo. Wiki hiyo kazi ilikuwa moja tu: makoti thelathini ya sufu ya kwaya ya shule. Mwalimu mkuu alikuwa ameleta picha ya kalenda, watoto wa Ulaya wakiimba, akaagiza, "Nataka hivihivi, mpaka bitana. Wageni wakija waone watu wastaarabu!"

Sindano ndiye aliyeiongoza kwaya hiyo. Nafasi ile aliipigania miaka miwili, na hakuwa na mpango wa kumwachia mtu.

Siku ya mazoezi ya mwisho, wageni wakitarajiwa kesho yake, jua la saa saba liliwaka bila huruma. Jamani, watoto walilowa jasho kama waliotoka kuoga! Wimbo wa pili haujaisha, msichana mdogo wa darasa la tatu akaanguka, pu!

Sindano alimvua koti, akamvuta kivulini na kumpa maji. Kisha akavua na lake.

"Livae!" mwalimu mkuu alifoka. "Ama sivyo kesho ataongoza mwingine."

Mwalimu huyo hakuwa mtu wa kutishia bure. Hata hivyo, koti hakuligusa.

"Silivai, Mwalimu. Ile picha niliitazama vizuri. Nyuma ya wale watoto kuna theluji tele. Wenzetu wanajikinga na baridi! Sisi tunajikinga na nini?"

Kwaya ikaangua kicheko. Mmoja akafungua vifungo, wa pili akafuata.

Mama yake Sindano, aliyekuja kukagua urefu wa mikono ya makoti, alisogea. Sindano alijua leo amekwisha.

"Samahani, Mwalimu," mama alisema. "Kosa ni letu sisi wakubwa. Wewe uliagiza bila kuuliza, nami nikakata bila kuuliza." Akawageukia watoto. "Kuiga si dhambi, wanangu. Cherehani yangu ilibuniwa hukohuko Ulaya, na siitupi ng'o, maana inanifaa. Lakini kabla hujachukua cha mtu, jiulize yeye anakitumia kwa nini. La sivyo utateswa na kitu ambacho hata mwenyewe hakukulazimisha."

Mwalimu mkuu alimtazama yule mdogo aliyeketi kivulini, kikombe mkononi. Akajifuta jasho.

"Vueni nyote," alisema taratibu. "Kesho utaongoza wewe, Sindano. Ila habari ya kujibizana na mimi mbele za watu, tutaizungumza keshokutwa."

"Sawa, Mwalimu. Lakini iwe kivulini."

Hata mwalimu mkuu alishindwa kujizuia, akacheka.