Kiti cha Kushoto

Kabati lilikuwa wazi na rafu ya juu tupu. Madaftari mawili ya injini yalikuwa yametoweka, saa mbili tu kabla ya mnunuzi kutia saini.

"Si karatasi tu? Hamwezi kuandika mengine?" Inspekta aliuliza huku akivaa glavu.

Fundi mkuu alimtazama kwa huruma. "Afande, jeti hii ina miaka ishirini na sita. Kila kifaa kilichobadilishwa kimeandikwa humo, na tarehe, na saini. Bila madaftari, injini hizi ni chuma chakavu. Daktari anayeinunua ataghairi."

Ndege yenyewe, ndogo, ya abiria saba, ilikuwa ikimeremeta mlangoni mwa banda. Mwenye ndege alikuwa ameagiza kila kitu kipakwe rangi ili kumvutia daktari, hadi lile kabati. Inspekta aligusa ukingo wake. Kidole cha glavu kikarudi na rangi ya kijani ambayo haijakauka. Karibu na kufuli, ambayo haikuvunjwa, palikuwa na alama pana, kama ya nguo iliyoifuta rangi.

"Ufunguo hukaa wapi?"

"Msumarini, chumba cha chai. Sote tunajua."

"Asubuhi alikuwepo nani?"

"Mimi, Kapteni, na mdogo wake wa kike. Huyo binti ndiye aliyeteuliwa na daktari kuirusha."

Kapteni alikuwa chumba cha chai, mgongo wima, mvi zimechanwa vizuri. Alikuwa ameirusha jeti hiyo miaka kumi na minane.

"Uliingia bandani leo?"

"Sikuingia. Nimetoka garini nikaja hapa moja kwa moja."

"Na mdogo wako?"

"Muulize mwenyewe. Siku hizi yeye ndiye mkubwa."

Inspekta aliitambua sauti hiyo. Aliwahi kuisikia kinywani mwake mwenyewe, mwaka ule mwenzake wa meza moja alipopandishwa cheo yeye akaachwa.

"Kapteni, mbona mkono mmoja wa shati umelowa?"

"Nimemwagikiwa na chai."

Inspekta aliinama, akanusa. "Chai yenu inanuka petroli?"

Akamfungua kifungo cha mkono, akaukunjua upindo. Ndani ya mshono, ambako petroli haikufika, kijani kilikuwa kimeganda.

"Yako wapi?"

"Kwenye buti la gari. Chini ya tairi la akiba."

Koplo alitumwa, akarudi nayo. Nyuma yake aliingia yule mdogo mtu, pumzi juu juu.

"Kaka! Wewe?"

Kapteni hakumtazama. Alizungumza na Inspekta.

"Nilimfundisha mimi. Kushika usukani, kusoma upepo, yote. Alikuwa akitapika, namfuta. Halafu daktari anakuja kununua, ananipita, anampa yeye mkono. Kisha ananiambia nami kazi ipo. Kiti cha kulia, cha msaidizi! Nimsomee mdogo wangu orodha ya ukaguzi, nimwitikie 'ndiyo, Kapteni'?"

"Kwa hiyo ukaona bora isinunuliwe?"

"Bora ioze hapahapa. Nikikosa mimi, asiipate yeye."

"Mbona hukuyachoma?"

"Nilijaribu. Kiberiti nilikishika." "Roho iliniuma kwa mdogo wangu, Afande, si kwa ndege; ndege sikuweza kuiua."

Binti aligeuka, akatoka kuielekea ndege.

Madaftari yalipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, yakatiwa kwenye mfuko kama ushahidi. Daktari alipofika alizitazama picha na fundi, akasema bado anaitaka ndege, ila asikie injini kwanza.

"Sio lazima iwe leo," alimwambia binti kwa upole.

"Nisipoiwasha leo sitaiwasha tena," alijibu, akapanda ngazi peke yake.

Kapteni alikuwa tayari kwenye gari la polisi, pingu mapajani. Mluzi mwembamba ulianza, ukapanda, ukatulia ukawa ngurumo. Kisha injini ya pili. Aliinamisha kichwa akisikiliza, midomo ikihesabu sekunde.

"Vipi?" Inspekta aliuliza.

"Hajakosea kitu," Kapteni alisema, na machozi yakamtoka, wala mikono yenye pingu haikuinuka kuyafuta.