Kichupa Kilichotoweka kwenye Friza

Kichupa kimoja hakikuwepo. Friza ilikuwa imefungwa vizuri, vingine vyote vimekaa mahali pake, ila katikati ya safu palibaki tundu tupu. Inspekta alilitazama tundu lile huku akichezea funguo mfukoni. Hakuwa mtu wa kutulia, na maabara ile ilimzidishia kiherehere: mabango yote ukutani yalihusu saratani ya tezi dume, naye umri wa kupimwa ulishamfikia zamani na alikuwa akiupiga chenga.

Daktari mkuu wa utafiti, mama asiye na mchezo, alimweleza kwa ufupi. Vichupa vilihifadhi vipande vya tezi za wagonjwa waliokwisha kupasuliwa. Walikuwa wakitafuta kiashiria cha kuonyesha uvimbe upi ni mkali, na upi ungeachwa tu bila kuguswa na kisu. Vipimo vingeanza kesho, na kila mgonjwa aliahidiwa jibu lake.

"Kilichoibwa ni cha nani?"

"Sijui. Vina namba tu, majina hufunguliwa baada ya vipimo, tusije tukayavuta matokeo upande wetu."

"Basi mwizi anajua kuliko wewe."

Daktari hakupendezwa.

Alama za vidole hazikupatikana. Humo ndani kila mtu huvaa glavu. Mlango haukuvunjwa. Inspekta alizunguka meza, akaenda dirishani, akarudi, mpaka daktari akamwomba akae. Hakukaa. Kilichomkera ni ule unadhifu. Mwizi alikuwa ameihurumia friza, akaifunga sawasawa ili sampuli nyingine zisiharibike. Mtu wa namna hiyo hawezi kutupa sampuli ovyo.

"Nje ya friza inadumu?"

"Kwenye barafu kavu, ndiyo. Ila barafu hiyo huishia hewani, lazima uongeze kila mara."

"Leo nani kachukua barafu kavu?"

Daktari aligeukia mlango wa stoo. Leo hapakuwa na kazi ya barafu. Lakini alikuwa amemwona fundi wa maabara, binti aliyemfundisha mwenyewe, akitoka nayo stoo.

Katika kabati la fundi, chini ya koti, kulikuwa na boksi likifuka moshi mweupe. Binti hakubisha.

"Ni ya baba yangu. Siku ya upasuaji niliipokea mimi, nikaibandika namba mimi."

"Kwa nini uiibe?"

"Baba hakutaka kupasuliwa. Nikamlilia, nikamsusia, mpaka akakubali. Tangu hapo hawezi kuzuia mkojo. Hatoki nje, rafiki zake anawakimbia. Kesho huenda wangemwambia uvimbe wenyewe ulikuwa wa kuachwa tu."

"Mbona hukuitupa?"



"Niliifikisha hadi kwenye sinki, afande. Lakini huenda ulikuwa mkali. Huenda nilimwokoa. Ikiyeyuka, sitajua maisha yangu yote."

Inspekta alimwonea huruma, akajikasirikia kwa huruma hiyo. Akasema boksi ni kielelezo, litakwenda kituoni. Fundi akauliza kama kituoni kuna friza. Haikuwepo. Basi kichupa kikatiwa lakiri ya polisi, na daktari akakirudisha kwenye tundu lake.

Walipofika kwenye gari la polisi, binti alisita, akamgeukia daktari aliyewasindikiza.

"Kesho mtaipima?"

"Ataulizwa baba yako. Akikataa, basi."

"Atakubali," alisema, machozi yakimtoka. "Mwambieni tu kwamba mimi ndiye ninayetaka. Hajawahi kuninyima kitu."