Unyoya Wenye Uzi Mwekundu

Jua lilikuwa linazama nilipompelekea fundi uji wake.

Mwaka ule wa njaa tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, upande wa Mgori. Wachimba msingi wakakuta mifupa ndani ya jiwe. Akaletwa Bonaventura, fundi wa mifupa, aiunge. Akapewa ghala la kijiji, maana mahindi ya kuweka humo hayakuwepo.

Harufu ilinipokea kabla ya mlango. Alikuwa anachemsha kwato na ngozi za ng'ombe apate gundi. Uvundo ule, wajukuu zangu, ulininasa kooni kama makohozi.

Nikaingia.

Dude la mifupa limesimama kwa miguu miwili, refu kupita mtu. Mifupa imefungwa kwa waya, penye mapengo pamechongewa mti. Taya la mjusi, meno tele. Na mwili... mwili umevikwa manyoya ya kuku. Bonaventura aliyabandika akianzia mkiani, yalaliane. Akanieleza kwamba mnyama huyu wa kale alikuwa na manyoya kweli, jiwe limetunza alama zake. Nikamwambia kuku mwenye meno, huyo atakula mwenye nyumba. Akacheka.

"Umeyapata wapi, baba? Kuku tulishawala wote."

"Mjumbe Isaka kaniletea gunia. Kayaokota njia panda."

Nikauweka uji chini.

Kwetu mgonjwa mahututi hupanguswa mwili kwa kuku mweusi. Kuku hubeba ugonjwa. Manyoya yake hutupwa njia panda, na hakuna mkono unaoyagusa. Isaka, kwa kutaka kumpendeza mgeni, alikuwa amezoa magonjwa ya kijiji kizima.

Na ule wa binti yangu Sara ulikuwemo. Kifua kilikuwa nusura kimuue. Unyoya wa bawa la kuku wake niliufunga uzi mwekundu mimi mwenyewe.

Nikautafuta kwa macho. Ulikuwa pale, kifuani mwa lile dude.

Likakohoa.

Kikohozi cha Sara. Kile kile, chenye mluzi mwishoni.

Bonaventura alikuwa ameinamia chungu. "Pole, mama," akasema. "Moshi huu."

Nikaushika unyoya, nikavuta. Ukagoma. Ukang'oka kama jino bovu, umeshikana na kipande cha ngozi... laini, chenye joto, kinachuruzika usaha.

"Gundi hiyo," akanong'ona. "Gundi tu."

Lakini alikuwa anafuta mikono kwenye suruali, anafuta, hanitazami.

Nikautupa motoni, nikakimbia nyumbani. Nikamkuta Sara ameketi jikoni, anapumua vizuri. Nikamshukuru Mungu. Kisha akainama, akatema jivuni kitu cheusi, chenye ute.

Kulipokucha Bonaventura hakuwepo. Mifupa kaiacha. Ghala likapigwa misumari, na Isaka hakutaka kuulizwa.

Mama yenu hajakohoa tena tangu siku ile. Ila mnamwona akishakula nyama. Hugeuka pembeni, hutema kitu kile kile cheusi, na kabla sijafika hukifukia kwa mguu.

Huparua nyuma, mara mbili. Kama kuku.