Wakesho na Mayai ya Kinyonga

Wakesho aliishi milimani Taita, katika nyumba ya mwisho kabla ya msitu.

Siku moja Mwalimu Mghanga aliwaambia wanafunzi wake, "Kila mtoto achague mnyama mdogo. Amtazame kila siku. Asimshike. Amchore tu."

Wakesho akachagua kinyonga wa kijani, aliyekaa kichakani kando ya shamba lao.

Kila siku, Wakesho alichuchumaa pale na daftari lake.
Tulia, tazama. Tazama, chora.

Jumatatu, kinyonga alitembea. Hatua moja... akayumba. Hatua ya pili... akayumba.

Jumanne, alikula nzi. Fyap!

Jumatano, alikula kiwavi mnene. Fyap!

Tulia, tazama. Tazama, chora.

Wiki zikapita. Tumbo la kinyonga likawa kubwa.

Jumamosi moja, akashuka chini. Akachimba udongo. Chaku, chaku, chaku.
Akataga mayai meupe, madogo kama maharagwe. Akayafukia, akaenda zake.

Mara Baba akaja na jembe. Kwa! Kwa! Kwa!

"Baba, simama! Hapo kuna mayai ya kinyonga!"

Baba akaruka nyuma. Baba, mwenye kifua kipana na sauti nzito, alimwogopa kinyonga!

"Kinyonga ana mkosi, mwanangu. Na mimi nataka kupanda maharagwe."

Wakesho akafungua daftari.

"Tazama, Baba. Hapa anakula nzi. Hapa anakula kiwavi aliyetoboa majani yako. Hajamuuma mtu hata siku moja."

Baba akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Akaketi chini.

"Miaka yote hii ni jirani yetu," akasema polepole, "na mimi sikumjua."

Akachomeka vijiti vinne kuyazunguka mayai. Maharagwe akayapanda pembeni.

Maharagwe yakaota. Yakachanua. Yakavunwa. Yakaliwa.
Mayai? Kimya.

Tulia, tazama. Wakesho aliona udongo tu. Basi akachora udongo.

Mvua ikaja, ti-ti-ti, ikaenda. Ikaja tena.

Asubuhi moja Baba akaita, "Wakesho! Njoo! Njoo upesi!"

Udongo ulikuwa unatikisika. Kichwa kidogo kikachomoza. Kisha kingine. Na kingine!

Kinyonga mmoja mchanga akapanda juu ya buti la Baba. Hatua moja... akayumba.

Baba hakuruka. Alisimama kimya, akitabasamu.

"Mchore, mwanangu," akanong'ona. "Na buti langu pia."