Mwizi Aliyevua Viatu

Kigingi kiling'olewa usiku wa mvua, na asubuhi kikakutwa kimesimama wima mbele ya mlango wa mtu mwingine.

Inspekta Adong alikizunguka mara mbili. Katika kazi yake alishaona vigingi vya serikali vilivyotupwa mtaroni, na kimoja kilichotiwa jikoni kikaivisha maharage. Lakini kigingi kilichohamishwa, kikapandwa upya na udongo ukashindiliwa vizuri pande zote? Hilo lilikuwa geni kwake, na watu wa uchochoro ule wa mtaa wa Kansanga walikuwa wameshajaa kutazama atafanya nini.

"Nieleze polepole, madam," alimwambia Firdaus, mpangaji wa usafiri kutoka wizarani. "Lugha ya ofisini iache huko huko."

Firdaus alivuta pumzi. "Serikali inataka kupitisha hapa barabara ya mabasi, yenye njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu. Kabla ya kuamua tunafanya tathmini. Nani atanufaika, nani ataumia, moshi utapungua kiasi gani, nyumba zipi zitaguswa. Kigingi hiki ndicho kinachoonyesha barabara itapanuliwa upande gani. Jana kilikuwa nyuma ya kile chumba."

Alionyesha ng'ambo, kwenye chumba cha matofali cha Bi Kulthum.

"Kwa hiyo jana kilichokuwa kivunjwe ni chumba cha Bi Kulthum," alisema Adong. "Na leo?"

"Leo ni baraza la Mzee Jibril. Kuhamisha kigingi ni kosa la jinai, Afande. Wakubwa wangu wanasema ni Bi Kulthum, maana ndiye anayefaidika. Wanataka akamatwe leo hii."

Bi Kulthum alikuwa mwalimu wa Kurani, na chumba kile ndicho madrasa yake. Nusu ya watu waliosimama pale walijifunza alifu na bee kwake, na sasa walikuwa wanaangalia chini. Alimkaribisha inspekta kwenye kigoda bila wasiwasi.

"Mama, usiku ulikuwa wapi?"

"Kitandani, mwanangu. Kwa umri huu niwe wapi tena?"

"Kigingi kimehama. Nani kafaidika?"

"Mimi." Hakupepesa macho. "Ila sikukigusa. Watoto nawafundisha kwamba cha mtu hakichukuliwi. Nikichukua mimi, kesho nitafungua kinywa niseme nini?"

"Una adui hapa mtaani?"

"Adui sina. Nina Jibril."

Watu waliguna. Ugomvi wa wale wawili haukuwa siri. Mzee Jibril, muuza vitambaa aliyefunga duka baada ya kufiwa na mkewe, alikuwa amemchosha mwenyekiti wa mtaa kwa malalamiko. Watoto wa madrasa wanapiga kelele. Jogoo wa jirani hana adabu. Bodaboda zinapiga honi. Hakuna jambo lililopita uchochoroni bila yeye kulisemea.

"Afande, njoo uone!" aliita Koplo Atoo kutoka nyuma ya chumba.

Kigingi kilikuwa kimeacha shimo kwenye tope, na kando yake zilikuwepo nyayo za mguu mtupu, pana, vidole vimetawanyika. Si mguu wa Bi Kulthum, ambaye viatu vyake vilikuwa vidogo kama vya msichana wa shule. Adong alizifuata nyayo hizo kinyumenyume. Zilipita barazani, mahali watoto wanapotandika mikeka, zikafika ukingoni mwa baraza. Pale zikakoma, na kutoka hapo hadi uchochoroni zilikuwa alama za makubadhi.

"Mwizi gani huyu?" alisema. "Anakuja na viatu, anavivua, halafu anaenda kukanyaga tope kwa miguu mitupu?"

"Hapa hapapitwi kwa viatu," alisema Firdaus. "Panasomewa Kurani."

"Hata na mwizi?"

Adong, binti wa Gulu aliyelelewa kanisani, alisimama akaliangalia lile baraza. Mtu huyu alikuja kuiba, na bado akapaheshimu. Moyo wake ukaanza kumpenda kabla hajamjua, jambo ambalo askari hatakiwi kulifanya.

Alivuka uchochoro. Mzee Jibril alikuwa amekaa barazani, kigingi chekundu kikiwa mkono mmoja tu kutoka kitini pake.

"Mzee, kigingi kimeota mlangoni pako."

"Nimekiona."

"Baraza lako litavunjwa."

"Serikali ikitaka, mimi nani?"

"Huna lalamiko?"

"Sina."

Adong alivuta kigoda akaketi. Mtu aliyemshtaki jogoo leo anavunjiwa baraza na hana neno. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Mzee, ukienda kwa mwalimu, barazani pale unavua viatu?"

"Lazima. Pale ni mahali pa heshima."

"Hata kama kuna mvua?"

"Hata kama kuna mvua."

"Hata usiku, ukiwa peke yako, na hakuna anayekuona?"

Mzee aliitazama miguu yake. Tope lililokauka lilikuwa bado katikati ya vidole.

"Mungu ananiona," alisema. "Ni mimi, binti yangu. Yule mama mwacheni."

"Kwa nini? Si unachukia kelele za wale watoto?"

"Tangu Shifa wangu afariki, nyumba hii haina sauti. Nalala mchana kwa sababu sina wa kuzungumza naye. Alasiri watoto wanaanza kusoma, naamka. Nakasirika, naenda kwa mwenyekiti, tunabishana, siku inapita. Wakivunja chumba kile, nitaamshwa na nini? Baraza wachukue. Baraza halisemi."

Firdaus alikuwa amesimama nyuma yao, uso umemshuka. "Tulipita kupima asubuhi," alisema. "Watoto walikuwa shuleni. Tulikuta mikeka imekunjwa, tukaandika kwamba chumba ni stoo."

"Basi rudini alasiri," alisema Adong.

Mzee alikwenda kituoni akaandika maelezo, akapewa onyo, akakirudisha kigingi kwa mikono yake mwenyewe. Firdaus akarudi alasiri. Akaketi mkekani kati ya watoto mpaka wakamaliza somo, kisha akaipanga tathmini upya, safari hii chumba kikihesabiwa kuwa shule. Mwezi uliofuata kigingi kilivuka uchochoro tena, kwa mkono wa serikali, na baraza la Mzee Jibril likavunjwa kwa fidia. Alihamishia kiti chake dirishani.

Adong alipita alasiri moja kuwasalimia. Alimkuta Bi Kulthum amesimama mlangoni pa madrasa, anaangalia dirisha la ng'ambo.

"Miaka yote ile ananishtaki," alisema Bi Kulthum, "kumbe alikuwa ananisikiliza."

Dirishani kulikuwa kimya, mzee bado amelala. Bi Kulthum aliwageukia watoto wake.

"Haya, tuanze. Na someni kwa sauti, mzee wenu aamke."